Saini ya Mwanamme

"Lazima asaini mwanamme, bibie." Karani aliposema hivyo mara ya tatu, nilimpokonya kalamu. Naam, wenzangu, mimi huyu, na tundu kifuani!

Asubuhi ile, nyumbani Mlandege, nilimpakata mwanangu wa miezi minne, mkono wa pili nimeshika sufuria. Nikajikwaa. Mbuzi ya kukunia nazi nilikuwa sikuikunja, kisu kinatazama juu. Nilijipindua mtoto asikiangukie. Kikanipata mimi, chini ya ziwa la kulia. Kosa hilo langu, sikatai.

Jeraha likawa linavuta upepo, fyuu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Jirani yangu akachana jani la mgomba, akalipaka mafuta, akaziba nalo jeraha, kiganja juu yake, mpaka hospitali.

Daktari alikuwa tayari. Karani ndiye hakuwa tayari.

"Mumeo yuko wapi?"

"Mkokotoni."

"Baba? Kaka?"

"Makaburini, wote wawili."

"Basi tumngoje mumeo."

Jirani akamrukia: "Amngoje kwa pumzi za nani? Zako?"

Karatasi ya idhini ya kupasuliwa ilikuwa ya Kiingereza. Nikaisoma: mgonjwa *au* jamaa yake. Nikamwonyesha kwa kidole chenye damu. Akajibu, "Hapa ndiyo desturi." Ndugu zangu, nawaambieni, nilisaini juu ya desturi yake.

Daktari alinitia ganzi, akapenyeza mrija wa mpira kati ya mbavu, ncha ya pili ndani ya chupa ya maji. Mapovu yakachemka, damu ikashuka, pumzi ikarudi kidogo kidogo. Kisha nikahisi maziwa yakinilowesha kanga. Nikajua mimi ni hai.

Lakini kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja, naye wa kupasuliwa, hajui kusoma, akaambiwa na karani amngoje mumewe. Mumewe alifika kutoka shamba alasiri. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Mwenyezi Mungu amlipe daktari, amlipe na jirani yangu, pale alipokaa kati yenu anainamisha uso. Nanyi kunjeni mbuzi zenu, na wafundisheni mabinti zenu kusoma.

Niliporuhusiwa sikwenda nyumbani kwanza. Nilipeleka barua kwa mkuu wa hospitali, ikapigwa muhuri mbele yangu:

"Bwana, karani wako anawazuilia wanawake matibabu kwa sharti lisiloandikwa popote. Mimi nilisoma, nikapona. Jirani yangu wa kitanda hakusoma, amezikwa. Nataka jibu kwa maandishi. Nimesaini hapa chini mwenyewe."