Aliyehesabu Seli Zikifika

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa maabara yetu ya seli atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye faili lake ana jina refu. Sisi wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu wa kitengo cha figo, tunamwita Mama Barafu, kwa sababu ya ule mtungi wa nitrojeni wa kugandishia seli anaoufungua kila asubuhi huku mvuke mweupe ukimpanda hadi kifuani.

Uongozi umeniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Mengine yaliyomo humu hayachangamshi, lakini yeye mwenyewe ameyasoma na kuyapitisha, na akanisahihisha tarehe mbili.

Alianza kazi akiosha chupa katika chumba cha vipimo vya mkojo. Akajisomea, akawa fundi, akapelekwa wodi ya mashine za kusafisha damu na kukaa huko miaka kumi na miwili. Anasema wodi ile ilimfundisha kumjua mgonjwa kwa namna anavyopanda ngazi. Kwa hiyo miaka sita iliyopita, kitengo kilipoanza kujaribu tiba ya seli shina, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba ahamishiwe huko.

Tiba yenyewe, kwa maneno ya kawaida, ni hii. Mgonjwa ambaye figo zake zinaanza kuchoka hutolewa uboho kidogo kwenye nyonga. Seli zake hukuzwa maabara kwa wiki tano, kisha hurudishwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye figo. Lengo ni kuisogeza mbele siku ya kufungwa kwenye mashine. Mgonjwa wa tisa alikuwa mdogo wake Mama Barafu, seremala, baba wa mabinti watatu. Seli zake zilikuzwa na dada yake, na dada yake ndiye aliyezibeba.

Kubeba si kazi ndogo. Maabara iko ghorofa ya tatu na chumba cha tiba kiko jengo la pili, ng'ambo ya ua. Lifti yetu mnaijua. Mama Barafu alikuwa akishuka ngazi na kisanduku chake cha baridi amekikumbatia, na wahudumu wakimtania kila siku: "Mama, soda zipo?" Naye hakuwahi kukosa jibu: "Zipo, ila ukinywa usinilaumu ukiota figo kichwani." Ole wake aliyemgonga kwenye kona. "Taratibu wewe, nina watoto humu!"

Kabla ya kutoka maabara alizihesabu seli kwa hadubini na kujaza fomu: hai, tisini na nne kwa mia. Siku nyingine tisini na sita. Fomu zikaja ofisini, na nilipoajiriwa, mimi ndiye niliyekuwa nazichapa kwenye ripoti. Zilikuwa namba nzuri sana. Wagonjwa hawakupata nafuu.

Mwaka wa nne, katika kikao, daktari mkuu alisema kwa unyonge kwamba labda seli hizi hazina uwezo tuliozidhania. Nilikuwa naandika kumbukumbu, kwa hiyo maneno yaliyofuata ninayo kama yalivyosemwa. Mama Barafu aliinua mkono. "Jamani, tunazihesabu zikitoka nyumbani. Nani amezihesabu zikifika?"

Hakuna aliyewahi kuzihesabu. Si kwamba tulikuwa wazembe. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, na sisi tuliijaza.

Kesho yake alibeba hadubini kuukuu hadi chumba cha tiba, akaiweka kwenye toroli la vifaa. Alichukua seli za majaribio, akazipitisha kwenye mrija uleule, kwa kasi ileile ya kila siku, lakini badala ya figo akazimwaga kwenye kikombe. Akahesabu. Kati ya seli mia, hai zilikuwa ishirini na sita. Alirudia siku sita mfululizo, na idadi haikupanda hata mara moja hadi theluthi. Baridi ya njiani ilizidhoofisha, zikatuama na kugandana chini ya bomba la sindano, na zilizosalia zikapondeka zikisukumwa kwa haraka kwenye mrija mwembamba. Wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wamepewa maiti za seli zao wenyewe.

Aliomba waambiwe wote, na wa kwanza alimwambia mdogo wake.

Yaliyofuata ndiyo yatakayobaki kwenye ripoti kama mafanikio yake, na ni makubwa. Stoo ya mafagio iliyo jirani na chumba cha tiba ilisafishwa ikawa maabara ndogo, ili seli zioshwe hatua nane tu kutoka kitandani. Mrija ukabadilishwa ukawa mpana zaidi. Bomba linageuzwa mkononi polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto, na kusukuma kunachukua dakika ishirini badala ya tatu. Sasa zinafika themanini na zaidi kwa mia. Wagonjwa saba wametibiwa hivyo, na kwa watano kati yao uwezo wa figo umeacha kushuka. Na fomu ina nafasi ya pili.

Mdogo wake hayumo katika hao saba. Ugunduzi ulipopatikana, alikuwa ameshaanza kusafishwa damu miezi minane kabla. Chupa moja ya seli zake ilikuwa bado kwenye mtungi, na dada yake aliomba tiba irudiwe kwa njia mpya. Daktari alimwonyesha picha. "Dada, figo zote mbili zimekuwa kovu. Hapa hakuna tena pa kuziweka." Mama Barafu alishukuru, akarudi kazini, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alimwacha mhudumu apite bila kumjibu utani wa soda.

Mwezi uliopita tuliletewa mafundi wawili vijana wa kushika nafasi yake. Mkono ule haufundishiki kwa maji. Zinahitajika seli za mgonjwa halisi, na chupa zote mtungini zina mtu anayezisubiri, isipokuwa moja. Fomu ya ridhaa niliipeleka mimi wodini. Seremala alikuwa kwenye kiti, mirija mkononi. Aliisoma yote, akatia saini, akasema, "Haya, ziende shule. Mwenye nazo shule aliitoroka." Alicheka peke yake.

Jumanne Mama Barafu aliiyeyusha chupa hiyo kwenye kiganja, akaigawa mafungu manne. Fungu la kwanza vijana walilisukuma kwa pupa: arobaini na mbili. La pili, hamsini na nane. La tatu, sabini na moja. La nne lilichukua dakika ishirini bila mtu kukohoa, na kikombeni zilikuwamo hai themanini na nne kwa mia. Seli za seremala hazikuwahi kufika nzima hivyo. "Mmeiva," aliwaambia. Utaratibu unataka seli zilizotumika ziharibiwe siku hiyohiyo. Vijana walijitolea. Alikataa, akazimimina mwenyewe kwenye ndoo ya dawa, akasubiri dakika kumi zilizoandikwa ukutani, akasaini.

Mama Barafu, asante. Kuna watu watano ambao leo wako kazini kwao kwa sababu uliuliza swali ambalo sisi wengine tulipaswa kuliuliza. Tunajua ratiba yako mpya: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi utakuwa wodini, upande wa ndugu wa wagonjwa. Hatutakuambia atapona, maana utatutazama kwa yale macho yako. Tunawatakia nyote wawili siku ambazo mashine haikwami, na siku za katikati, zile nne, tunawatakia ziwe ndefu.