Rangi Ibaki kwenye Sweta la Konda

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matofali mbele ya studio ya Picha, mpiga picha wa mtaa, uking'aa kwa kukaliwa. Pembeni yake, na jiko lake la mkaa, alikaa Bibi Birika, mwaka wa kumi na tisa sasa, akiwamiminia kahawa watu wazima wenye kazi zao wasizozifanya. Kinyozi alikuwapo, yule ambaye wateja humfuata kijiweni kumkumbusha kwamba ana duka. Sheria naye alikuwapo, aliyewahi kufagia mahakama akatoka na maneno yote ya mawakili. Aliyekosekana asubuhi hiyo ni Konda, kondakta mstaafu wa basi. Alikuwa akifunga mizigo. Saa tano angepanda basi kwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na huko si kwa kwenda na kurudi. Wenzake walikuwa wamemwandalia zawadi: picha yao wote kijiweni, yote nyeusi na nyeupe, rangi ibaki kwenye sweta lake peke yake, lile alilofumiwa na marehemu mkewe.

Picha hiyo Bibi Birika aliiona jana kwenye kompyuta. Wanaume wanne wamejaa tele, meno nje. Yeye yuko ukingoni, mkono tu umeshika birika, kiwiko kimekatwa. Alijiambia, mkono ndio walioujua siku zote, basi na uende huo. Lakini Konda alikuwa anaondoka, na angeondoka na mkono.

KINYOZI: Mimi bado nasema rangi ingebaki kichwani. Nywele zile nimezipaka piko kwa mikono yangu.

SHERIA: Pingamizi! Ushahidi wa kupikwa huo.

KINYOZI: Wewe ulikuwa unafagia tu, usituhukumu.

SHERIA: Mfagiaji husikia kesi zote, bwana. Jaji husikia yake tu.

BIBI BIRIKA: Kunyweni, inapoa.

KINYOZI: Hebu nijibu wewe uliyesikia yote. Rangi ikitolewa kwenye picha, inakwenda wapi?

SHERIA: Hujui? Inabaki ndani ya kompyuta. Ndiyo maana ikiwashwa sana inachemka. Rangi zinasongamana mle.

KINYOZI: Na ile feni inazipuliza nje!

SHERIA: Sasa unaanza kusoma. Ukuta wa studio ulikuwa mweupe, si ndiyo? Leo ni rangi gani?

KINYOZI: Njano.

SHERIA: Nimemaliza, mheshimiwa.

BIBI BIRIKA: Ukuta huo ni moshi wa jiko langu.

SHERIA: Bibi, shahidi hajaitwa.

KINYOZI: Haya, na hizo rangi za kwenye simu zilitoka wapi? Nyanya za utotoni mwangu zilikuwa nyekundu hasa. Za leo zimepauka. Wanazinyonya, kidogo leo, kidogo kesho, wanatia kwenye simu. Haba na haba hujaza kibaba.

SHERIA: Ndiyo maana hata shati likifuliwa mara mbili limechuja!

KINYOZI: Tunavaa mabaki, ndugu yangu. Tunavaa mabaki.

Hapo Picha akatoka studio na karatasi mkononi, uso kama wa mtu aliyemeza sabuni.

PICHA: Jamani, nimeboronga.

BIBI BIRIKA: Kaa kwanza, mwanangu.

PICHA: Nilipoitoa rangi, nikaihifadhi juu ya ile ile ya mwanzo. Nakala nyingine sina, na kadi ya kamera nilishaifuta kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

SHERIA: Tafsiri, tafadhali.

PICHA: Rangi hakuna. Sweta ni kijivu kama sisi wengine.

KINYOZI: Ifungue hiyo kompyuta kwa bisibisi! Zimo mle!

PICHA: Acha utani. Naweza kuipaka upya. Nitajieni tu sweta lilikuwa rangi gani, dakika tano nimemaliza.

SHERIA: Kijani.

KINYOZI: Kijani cha wapi? Bluu!

PICHA: Mbona mimi nakumbuka kahawia?

SHERIA: Miaka yote nimekaa naye bega kwa bega!

KINYOZI: Na mimi nilikaa na ukuta? Ni bluu, nikatwe sikio!

SHERIA: Ndiyo yale, paka akiondoka panya hutawala.

PICHA: Panya gani tena?

SHERIA: Nimesema tu.

Wakamgeukia Bibi Birika. Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, maana kuulizwa hakukuwa jambo la kila siku.

BIBI BIRIKA: Lilifumwa kijani. Mkono wa kushoto ulifumuka, uzi wa kijani ukakosekana, mkewe akamalizia na bluu. Mgongoni palitoboka baada ya mkewe kufariki, Konda akatia kiraka cha kahawia mwenyewe. Sheria anakaa kulia kwake, Kinyozi kushoto, na wewe Picha unamwona mgongo ukiwa mlangoni. Kila mtu ameona upande wake.

Kabla hawajameza hayo, Konda akatokea na begi begani, sweta mwilini. Wakamzunguka kama watu wanaonunua gari kuukuu.

KONDA: Nimeota mkia?

SHERIA: Mahakama imeridhika.

Picha akaona aibu, akampa ile karatasi. Konda akavaa miwani, akaiangalia kutoka kona hadi kona.

KONDA: Tumependeza, wallahi. Huu mkono wa nani?

KINYOZI: Wa Bibi.

KONDA: Na Bibi mwenyewe yuko wapi?

Kinyozi akatazama viatu vyake. Picha akakohoa. Si kwamba swali lilikuwa gumu.

KONDA: Mimi nimeita abiria miaka thelathini. Sijawahi kugonga bodi la basi ili liondoke na mtu yuko chini. Picha, leta kamera!

Akakibeba kigoda cha Bibi mwenyewe, akakitua katikati, wanaume wakabanana. Picha akaapa kwamba safari hii atatunza nakala tatu.

PICHA: Na rangi ibaki wapi? Sweta?

KONDA: Sweta ninalo mwilini, la kulitazama ukutani la nini? Iache kwenye birika.

Birika lilikuwa jekundu, masizi chini, mdomo umebonyea. Bibi Birika akalinyanyua amimine kwanza, picha ionekane ya kweli, likatoa tone moja tu.

BIBI BIRIKA: Kahawa imekwisha.

KONDA: Lishike hivyo hivyo, Bibi. Picha haionji.

Akalishika kwa mikono yote miwili, viwiko vyake vyote ndani ya picha, akacheka kabla hawajaambiwa kucheka.