Asilimia Nne za Mwamkulu

Mfuniko wa sufuria ulidondoka gizani, Dorice akaamka, akambeba mwanawe wakawahi Hiace ya mjini. Kwenye kiti cha mbele yao kijana mtafiti alikuwa akimweleza Josephina, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kijijini kwao, kwamba programu ya kompyuta imepima wanawake wa Mwamkulu wanavyosaidiana ikaona hawana ushirikiano, kwa hiyo mashine ya kukoboa mpunga itapelekwa kwingine.

“Hatuna ushirikiano? Sisi?” Josephina alifoka. “Ulimuuliza nani?”

“Wakuu wa kaya, mama. Kila mmoja alitaja watu anaosaidiana nao mkewe. Kati ya jozi zote za wanawake ambao wangeweza kusaidiana, zimepatikana asilimia nne tu.”

“Wanaume! Hao wanajua nini, we mtoto?”

Kijana alijitetea kwamba programu haikosei. Konda akagonga bati, gari likasimama stendi.

Mwana wa Dorice akasema kwa sauti, “Baba hajui huwa nalala kwa nani mama akienda shule ya jioni.”