Safu ya Chanzo

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makopo manne ya rangi, mbele ya kibanda cha fundi viatu. Makopo aliyaleta mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba, ndiyo maana kijiweni anaitwa Brashi. Mimi wananiita Katibu, kwa kuwa ninatunza daftari la ukoo wetu. Wengine wa kila siku ni watatu: Fundi mwenyewe, anayeshona huku akisikiliza, Volti, fundi wa umeme, na Kamusi, karani mstaafu ambaye sijawahi kumsikia akisema hajui jambo. Kahawa hutoka kwenye chupa moja ya Fundi, na ikiisha tunatawanyika. Jumatano hiyo, saa kumi alasiri, vikombe vinne vilikuwa vinatoa mvuke mikononi mwa watu. Cha tano kilikuwa chini, kimepoa. Mwenye kikombe hicho, Brashi, alikuwa ameweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, akihesabu.

— Umefika ngapi? Volti akamuuliza.

— Usinivuruge. Sitini na mbili.

— Sasa hizo unampelekea nani?

— Nazihesabu tu. Nikiacha naona kama zitasimama.

Wiki tatu nyuma Brashi alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa shule. Kengele ya mapumziko ililia karibu na sikio lake, akazimika kama taa. Bahati yake alikuwa kwenye kipandio cha pili, akaangukia turubai. Hospitali walimpima umeme wa moyo kwa mashine, wakaitazama ile karatasi ndefu, wakamwita daktari mwingine, naye akamwita mwingine. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mtafiti, na huyo ndiye aliyemchorea picha. Kila pigo la moyo, alimwambia, huanzishwa na umeme mdogo sana unaopita kwenye vijilango. Vya kwako vinachelewa kufunga. Moyo ukishtuliwa kabla haujajiweka sawa, kwa kelele, kwa mbio, hata kwa maji ya baridi, mapigo yanavurugika na damu haifiki kichwani. Kosa lenyewe mtu huzaliwa nalo. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kulichukua.

Walimpa vidonge ambavyo vinatumika miaka mingi, na vinasaidia. Kisha wakamwambia kuna dawa mpya bado inajaribiwa, ya kuvifanya vijilango vifunge kwa wakati, na kama anataka anaweza kuingia kwenye utafiti. Mwisho wakampa fomu. Taja ndugu wote waliofariki kabla ya miaka arobaini, umri wao, na chanzo. Wakiona ni yeye peke yake, watamtibu peke yake. Wakiona ni jambo la ukoo, watapima ukoo mzima, wakianza na watoto. Fomu ilitakiwa kesho yake saa mbili asubuhi. Ilikuwa juu ya paja langu, na chini yake daftari. Tulikuja kuijazia kijiweni kwa sababu nyumbani kuna mama, na mbele yake, waliotangulia kabla ya wakati wao hawatajwi.

Volti ndiye aliyeanza kufundisha. Kwa kuwa jambo ni la umeme, alisema, basi ni la kwake, na madaktari wangemwita mapema. Nyumba ikikosa waya wa kwenda ardhini, chombo chochote kinaweza kuungua. Binadamu wa leo anavaa raba asubuhi hadi usiku, umeme wake utokee wapi? Akamwambia Brashi avue viatu na kukanyaga udongo nusu saa kila siku.

— Na mimi nile nini? Fundi akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye sindano.

— Wewe utashona mikoba.

Kamusi akasema hayo ni ya kitoto. Yeye alisoma gazetini, hakumbuki lipi, kwamba kwenye majaribio kama hayo watu hugawanywa makundi mawili, nusu wanapewa dawa na nusu wanapewa chaki iliyotengenezwa ifanane na dawa, na hakuna anayeambiwa yuko kundi gani.

— Ni kweli, Brashi akajibu. Waliniambia wenyewe. Lakini vile vya zamani ninaendelea navyo, kundi lolote nitakaloangukia.

Kamusi hakutegemea kukubaliwa upesi hivyo, ikambidi asogee mbele zaidi. Basi shida haipo kwenye chaki, alisema, shida ni damu. Damu wanayochukua haimwagwi. Inawekwa kwenye barafu miaka na miaka, na kwa utaalamu wa siku hizi, kutoka kwenye tone moja wanaweza kumtengeneza Brashi mwingine, mwenye moyo mzima, wakamtuma aje kuchukua kazi zake.

— Akija mniambie, Fundi akasema. Huyu tuliye naye ana miezi miwili ananiahidi kupaka mlango huu.

Brashi alitabasamu kidogo, vidole vikiwa bado kwenye kifundo. Kamusi hakuwa amemaliza. Alishusha sauti na kudai kwamba maradhi mapya huja baada ya dawa yake kupatikana, kamwe si kabla, nasi tukae tujiulize kwa nini. Volti akamuuliza kama na ngazi ile waliisukuma watafiti. Kamusi akajibu kwamba yeye hakutaja mtu.

— Wanangu ni watatu, Brashi akasema ghafla. Kaka ana wawili. Nyinyi mnazungumzia barafu.

Nikafungua daftari.

Ni daftari gumu, jalada jekundu. Alilianzisha baba yetu. Kila ukurasa una safu tatu: jina, tarehe, chanzo. Nilisoma kwa sauti ya chini, Brashi akiwa ameinamia bega langu. Baba mdogo, tarehe 14 Machi 1981, miaka ishirini na sita: alizama bwawani. Shangazi, tarehe 2 Novemba 1993, miaka thelathini na moja: homa ya ghafla. Dada yetu, tarehe 20 Juni 2002, miaka kumi na tisa: aliteleza bafuni.

— Basi mmesalimika, Volti akasema, na niliona alisema kwa nia njema. Maji, homa, sakafu. Hapo hakuna moyo hata mmoja. Andika hivyo hivyo, Katibu, watoto wasichomwe sindano bure.

Brashi alinitazama. Alitaka sana iwe hivyo. Na mimi nilitaka, nikafungua kalamu, nikaandika jina la baba mdogo, umri wake, na kwenye safu ya chanzo nikaandika herufi ya kwanza.

Pembeni ya benchi, kwenye kigoda cha wateja, alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemfahamu. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni na kingine mikononi mwa Fundi, kimekatika mkanda. Tangu afike hakuwa amesema zaidi ya salamu na bei.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Naingilia yasiyonihusu. Huyo dada yenu. Sakafu ilikuwa na maji?

Kamusi akamgeukia Volti. Volti akamtazama Brashi. Brashi akasema yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa shuleni, alirudi akakuta watu wamejaa uani. Fundi aliacha kuvuta uzi. Wote walikuwa wanasubiri mtu aseme ndiyo, kwa sababu bafuni kuna maji, nani asiyejua.

Mlango wa bafu lile niliuvunja mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni, kata inaelea juu yake, kanga yake imetundikwa msumarini, sabuni kavu. Dada alikuwa amelala upande kama mtu aliyechoka. Nje, dakika chache kabla, lori lilikuwa limepasuka tairi, mlio wake ukatikisa mabati ya mtaa mzima. Nilikumbuka lori kila mwaka na sikujua kwa nini nalikumbuka.

Usiku wa matanga baba alinipa daftari kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma yangu. Alikuwa na kanuni yake. Baba mdogo alipofariki, yeye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kuogelea, watu walitafuta mkono wa mtu wakaupata kwa mke wake. Walimfukuza na kitoto chake mgongoni. Baba hakumtetea, na jambo hilo lilimla hadi kufa kwake. Tangu hapo aliamua kwamba daftari letu halitakuwa na kifo kisicho na sababu, maana pasipo na sababu watu huweka jirani, au mkwe, au mjane. Aliniambia maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: andika chanzo ambacho hakiwezi kufukuzwa nyumbani. Nikaandika aliteleza. Ni mwandiko wangu wa kwanza humo, na ni mzuri, herufi zimenyooka.

— Kaka, Brashi akasema. Mama huyu anauliza.

— Sakafu ilikuwa kavu.

Vidole vyake vilitoka kwenye kifundo.

— Ndoo?

— Ilikuwa imejaa. Hakuwa ameanza kuoga.

— Miaka yote hiyo, kaka.

— Ndiyo.

Nilingoja anikaripie. Ana haki, na yeye kwa kawaida si mtu wa kumeza maneno. Alichofanya ni kuinama, akachukua kikombe chake cha kahawa iliyopoa na kukinywa chote mara moja kama dawa.

— Na shangazi, alikuwa na homa kweli?

Nikasema shangazi alipika asubuhi, akapiga soga na mama hadi mchana, na saa nane hakuamka kitandani. Neno homa liliandikwa na baba. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwogeleaji hodari kuliko wote bwawani. Hayo yote nilikuwa nayajua, kila moja mahali pake. Sikuwa nimewahi kuyaweka karibu karibu.

Fundi alimrudishia mama yule kiatu chake, akakataa malipo kwa kutikisa kichwa tu. Akavaa, akatuaga kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Nilikata ile herufi ya kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwenye fomu, mara tatu, niliandika: ghafla, chanzo hakijulikani. Pembeni ya dada nikaongeza lori, na pembeni ya baba mdogo nikaongeza maji ya baridi. Brashi akaniuliza kuhusu kile kitoto kilichoondoka mgongoni mwa mama yake. Kilikuwa cha kike au cha kiume, na kiko wapi. Nilifungua ukurasa wenyewe nikamwonyesha. Baba aliandika: mtoto mmoja, alikwenda na mama yake. Jina hakuweka. Sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, huenda ana watoto, nao huenda wanakimbia na kuogelea mahali fulani, na mimi, Katibu, sikuwa na hata herufi moja ya kuanzia kuwatafuta.

— Tutamtafuta, Brashi akasema. Andika kwanza walio hapa.

Nyuma ya fomu kulikuwa na orodha ya watoto walio hai. Niliandika watatu wa Brashi, kwa umri, kisha mwanangu mdogo. Wa tano ni binti yangu. Alizaliwa baada ya msiba, na mama yetu ndiye aliyeomba apewe jina la dada. Katika daftari jina hilo liko mara mbili, kurasa kumi na moja zikiwa katikati. Nikaandika umri: kumi na tisa. Kalamu ilibaki hapo hapo, wino ukatanda kidogo kwenye karatasi.

— Leo ni Jumatano, Brashi akasema.

Nilijua ni Jumatano. Jumatano chuoni kwao ni siku ya mpira wa pete. Anacheza katikati, ndiye anayekimbia kuliko wenzake, na filimbi ya mwamuzi hulia karibu naye mchana kutwa. Mara ngapi nimesimama kando ya uwanja ule nikimpigia makofi akimbie zaidi.

— Mpigie, kaka. Sasa hivi.

Simu iliita mara nne. Mara ya tano ndipo ikapokelewa, na kwanza nilisikia pumzi tu, nyingi, za mtu aliyetoka mbio. Nyuma yake kelele za wenzake na filimbi.

— Baba, tuko mapumziko, fanya haraka.

Nikamwambia akae chini. Popote alipo, akae chini, na asirudi uwanjani, hata mwalimu akimwita, hata timu ikishindwa. Nilizungumza taratibu kadiri nilivyoweza, kwa hofu ya kumshtua. Akakaa, nilisikia majani. Halafu akauliza:

— Baba, kuna nini?

Niliinua macho. Kamusi alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Volti alikuwa ameshika chupa ya kahawa, akiitikisa karibu na sikio kusikia kama kuna kilichobaki, kisha akaiweka chini polepole ili isigonge.