Mnyoo wa Tewa na Ukoo Wake

Benchi la pembeni mwa duka la kahawa lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukubali kwamba lipo jambo wasilolijua. Asubuhi hiyo Fundi Soli, mshona viatu, alitoka sokoni na tewa mzima ndani ya beseni, samaki wa kumtoa mtu kimasomaso. Mchana mama wa mchumba wa binti yake angekuja kula kwake kwa mara ya kwanza. Angekwenda nyumbani moja kwa moja, angekuwa mtu mwenye akili. Lakini alisimama benchini kuringa, akafunua shavu la samaki, na humo kwenye matamvua mekundu akaona vidudu vyeupe, bapa, vimeng'ang'ania.

— Jamani, nimekwisha! Nitamlisha mkwe minyoo?

— Tulia, alisema Kamusi, aliyepewa jina hilo kwa kutazama nusu ya kipindi cha bahari kabla umeme haujakatika. Kwanza tujue ni wa ukoo gani. Huyu ni mnyoo bapa, ndugu yake tegu.

— Tegu ana pingili. Za huyu ziko wapi? aliuliza Diwani, ambaye aligombea udiwani akapata kura yake na ya mkewe, na ya mkewe bado anaitilia shaka. Huyo ni ruba aliyehamia baharini.

— Ruba ana kulabu? Tazama mkiani! Hawa hupangwa kwa kulabu. Zikifanana, babu yao mmoja.

— Basi na ndoana ni shangazi yao.

Jua lilipanda. Wakasogeza benchi kivulini, beseni likabaki pale pale. Soli alijua anatakiwa aondoke, ila kichwani alikuwa na nadharia, na nadharia ikishamshika mtu wa benchi lile haimwachii.

— Mimi naona hivi. Changu ana mnyoo wake, tewa ana wake. Samaki walipoachana koo, na minyoo yao ikaachana. Ukitaka kumjua binamu wa tewa, muulize mnyoo.

Soli alijiona mtu mkubwa kweli kweli.

— Kumbe! Diwani akadakia. Basi tumkamate chawa wa Kamusi, atuambie kwao ni wapi.

— Chawa wangu ni wa ukoo wa heshima! Tena naanza kuona kwamba samaki ndiye aliyemng'ang'ania mnyoo.

Mama mmoja nadhifu, mkoba begani, akasimama.

— Mnagombania nini, baba zangu?

Wakamweleza, wote kwa mpigo. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamia beseni.

— Sasa, kwani nyinyi matamvua mnayapika?

Kamusi alitazama kikombe chake. Diwani alitazama tofali. Soli alikuwa ameyatupa matamvua ya kila samaki tangu alipojua kushika kisu.

— Maana alikuwa samaki mzuri huyu, mama aliendelea, ameziba pua. Asubuhi.

Kisha akaulizia nyumba ya fundi viatu mwenye binti muuguzi. Amewahi kidogo, alisema, ili asaidie jikoni.

Wasomi wawili wakamgeukia wa tatu. Aibu ilimpanda Soli mpaka masikioni. Alinyanyua beseni akalificha mgongoni, kana kwamba beseni hufichika.

— Ndiye mimi, mkwe mwenzangu. Karibu sana. Leo tuna maharage.