Nyuzi Sita za Eugene Sobota

Baba Paroko, wifi yangu Marlene, watoto wetu Denise na Teddy, ndugu, majirani na marafiki, pamoja na nyinyi mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, kwa niaba ya familia ya Sobota nawakaribisha katika ukumbi huu wa Parokia ya Mtakatifu Florian, hapa Lorain, Ohio, leo Jumanne tarehe 27 Februari 2024. Mimi ni Rosalie, dada mkubwa wa marehemu, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu, kama walivyosema wanandugu jana mezani, sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Chakula kipo jikoni na hakiendi popote, kwa hiyo naomba mtulie.

Marehemu Eugene Stanley Sobota, ambaye sote tulimwita Gene, alizaliwa hapa hapa Lorain Jumatatu tarehe 9 Machi 1953, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Stanley Sobota, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma mpaka mgongo ukamwisha, na marehemu mama Helen, aliyepika pirogi za Ijumaa, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, katika jiko la ukumbi huu mpaka magoti yakamgomea. Nilikuwa na miaka mitano alipoletwa nyumbani, nikamtazama, nikawaambia wamrudishe walikomtoa, na kwa miaka yake yote sabini hakuna sikukuu yake ya kuzaliwa iliyopita bila kunikumbusha maneno hayo.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya parokia hii kuanzia mwaka 1959 hadi 1967, kisha sekondari hapa mjini hadi alipohitimu mwaka 1971, na kama yupo mwalimu wake aliye hai leo, familia inaomba radhi. Kichwani mwake hakukuwa na nafasi ya somo lolote tangu baba alipomnunulia gitaa kuukuu mwaka 1966, gitaa ambalo tulilisikia asubuhi, mchana na jioni, hadi mama akamwambia, "Gene, ama hicho kitu kitulie, ama mimi nihamie kwa mama yangu."

Huko sekondari ndiko alikokutana na Rudy Halasz, mtoto wa muuza nyama wa mtaa wa pili, ambaye akiwa na miaka kumi na minne tayari alikuwa na sauti nzito, ya mkwaruzo, ya mtu aliyeona mengi, ilhali hakuwa ameona kitu chochote. Wakamwongeza Clarence Pettway kwenye ngoma na Hector Maldonado kwenye gitaa la besi, na Ijumaa tarehe 20 Februari 1970, katika Kwaresima, wakapiga kwa mara ya kwanza kwenye chakula cha samaki cha parokia, hapa nilipo mimi sasa, kwa ujira wa sahani ya samaki kila mmoja. Paroko wa wakati ule aliwauliza wanaitwaje ili awatangaze, wakatazamana, hawakuwa na jina, akaangalia sahani zilizo mbele yake akasema, "Basi, mabibi na mabwana, Samaki wa Ijumaa." Jina likabaki hilo hilo.

Hapa lazima niseme habari ya hii piano iliyo nyuma yangu, maana bila hiyo hamtamwelewa marehemu. Miaka mingi kabla ya vijana hawa, fundi wa piano alimwambia paroko kwamba nyuzi zake ni za kale mno, akizikaza mpaka zifike sauti inayotakiwa zitakatika zote, kwa hiyo ama zinunuliwe mpya, ama piano iachwe nusu toni, yaani ngazi moja ndogo ya sauti, chini ya piano nyingine zote duniani. Paroko akasema iachwe. Hakuna aliyewaambia vijana. Walityuni magitaa yao, yaani walilinganisha sauti za nyuzi zake, kwa piano hii kila Ijumaa, Rudy akajifunza kuipiga na kuimba kwa piano hii, wakakua wakiamini kwamba ulimwengu mzima umekaa hapo ilipo piano ya Mtakatifu Florian.

Mwaka 1972 waliitwa kupiga kwenye harusi kule Cleveland, wakayatyuni magitaa hapa ukumbini kabla ya kuondoka ili kuokoa muda, wakafika, Rudy akakaa kwenye piano ya watu, wakaanza, na wageni wakadhani vijana wamelewa. Gene, Mungu amrehemu, alisimamisha muziki, akamwendea mwenye ukumbi, mzee wa heshima zake aliyevaa tai, akamwambia usoni kwamba piano yake ni mbovu na aone aibu kuiweka mbele ya bibi harusi. Clarence, usicheke, na wewe ulikuwa nyuma yake unatikisa kichwa kukubali.

Hata walipokuja kuelewa, hawakubadili, kwa sababu pale chini ndipo sauti ya Rudy ilipokuwa inakaa vizuri, kama mtu aliyevua viatu. Santuri yao ya kwanza waliirekodi humu ukumbini mwezi Agosti 1974, feni zikiwa zimezimwa zisisikike, na mwaka uliofuata redio zote za kuzunguka maziwa haya, kuanzia Buffalo mpaka Milwaukee, zilikuwa zinaipiga, nami niliisikia kwenye basi la shule nililokuwa naendesha, watoto wakiimba maneno ambayo hawakutakiwa kuyajua. Santuri ya pili ikatoka mwaka 1977, wakazunguka nchi nzima, mdogo wangu akafuga nywele mpaka mabegani, akawa anarudi nyumbani mwezi wa Desemba na miwani ya jua. Baba alimwangalia akamwuliza, "Wewe, macho yanauma?"

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Marlene Kozar katika kanisa letu tarehe 7 Juni 1980, na Mungu akawajalia watoto wawili, Denise aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1981 na Theodore, huyu Teddy wetu, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1985, na baadaye wajukuu watatu, ambao wawili wako chini ya meza ile wanadhani siwaoni. Wifi Marlene, uliolewa na mtu mwenye nywele nyingi kuliko zako, ukamvumilia, ukamlea, asante.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo Teddy aliniomba niiruke, nami nimekataa, kwa sababu Gene mwenyewe hakuiruka hata siku moja maishani mwake. Mwaka 1979 bendi ilichukuliwa na kampuni kubwa ya Los Angeles, na mtayarishaji waliyepewa huko akawaambia kwamba muziki wao umelala, uinuliwe ulipo muziki wa watu wengine, utang'aa redioni. Gene akakubali. Alitaka sana ung'ae, alikuwa kijana, alikuwa na harusi njiani. Wakakaza nyuzi, na Rudy, aliyekuwa ameishi maisha yake yote nusu toni chini, akaanza kuimba akiwa amesimama kwa ncha za vidole, usiku baada ya usiku, miji kwa miji, na hakulalamika.

Jumamosi tarehe 13 Novemba 1982, kule Chicago, mbele ya ukumbi uliojaa, sauti ya Rudy ilikatika katikati ya wimbo, ikakatika kweli kweli, na Gene hakupunguza wala hakunyamaza, aliendelea kupiga, watu wakamwona Rudy amesimama mdomo wazi hakitoki kitu. Baadaye nyuma ya jukwaa, Clarence na Hector wakisikia, mdogo wangu akamwambia, "Kama huwezi kufika juu, tutamtafuta anayefika." Rudy akasema, "Mtafuteni." Akachukua koti, akapanda basi la kurudi Ohio, na kabla ya Krismasi Samaki wa Ijumaa hawakuwepo tena.

Basi marehemu akarudi nyumbani, akakata nywele, na kuanzia tarehe 9 Januari 1984 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015 alikuwa fundi wa boila katika shule za hapa mjini, kazi aliyoifanya kwa moyo, hakuna mtoto aliyekaa na baridi darasani zamu yake ikiwepo. Rudy naye alipata kazi ya kusambaza mikate, na kwa mipango ya Mungu mwenyewe, mikate hiyo ilikuwa inapelekwa katika shule zile zile. Walinzi wa shule walikuwa wananisimulia: gari la mikate likiingia getini, Gene anashuka chini kwenye boila, na likitoka, anapanda. Kanisani Gene alikaa upande wa Mtakatifu Yosefu, Rudy upande wa Bikira Maria, na kwenye kukomunika kila mmoja alihesabu foleni ili wasigongane. Miaka ishirini na moja wazee wazima walifanya mambo hayo. Nilimwambia, "Gene, nenda kamwombe mwenzako msamaha." Akanijibu, "Nikiongea nitaharibu, dada. Unajua nikiongea naharibu." Hapo hakukosea.

Mwaka 2004 paroko mpya, ambaye sasa yuko Toledo na tunamtakia heri, alitangaza kwamba piano hii itatolewa ukumbini Jumamosi kwenda jalalani. Ijumaa tarehe 5 Machi tukawa na chakula cha samaki kama kawaida, mimi kwenye pirogi, Gene amevaa aproni yuko kwenye mafuta anakaanga, na watu wanakula. Rudy akaingia, hakusalimia mtu, akakaa kwenye piano aiage, akaanza kupiga wimbo wao wa kwanza kabisa, taratibu, bila kuimba. Jikoni nikaona Gene ameganda na mwiko mkononi. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, nami nikamwambia Marlene, "Haya, mwoga amekimbia tena."

Hakukimbia. Alirudi na gitaa, aproni bado iko shingoni, akavuta kiti kile cha watoto, akakaa karibu na piano, mbele ya watu wote, akaanza kulegeza nyuzi. Rudy akaacha kupiga wimbo, akambonyezea sauti moja, akambonyezea tena, akisubiri uzi ushuke mpaka ukutane nayo, kisha sauti ya uzi unaofuata. Samaki wote waliokuwa kwenye mafuta waliungua na hakuna aliyeinuka. Mwishoni Rudy akasema, "Wa sita bado uko juu." Gene akasema, "Najua." Akaushusha. Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemezana, kisha wakapiga, na Rudy akaimba kama mtu aliyekanyaga sakafu ya kwake, si kwa ncha za vidole. Piano haikutoka ukumbini, tuliizingira. Clarence akapigiwa simu usiku ule, Hector akaja kwa ndege kutoka Puerto Rico, na tangu mwaka ule Samaki wa Ijumaa wamepiga hapa kila Kwaresima, kwa ujira ule ule wa samaki.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Mei 2023 marehemu alianza kikohozi kisichopona, akapimwa, akagundulika kuwa na saratani ya mapafu, akatibiwa hospitalini hapa na baadaye Cleveland, hadi madaktari waliposhauri arudi nyumbani apumzike kati ya watu wake. Rudy alikuja kila jioni na mkate. Siku moja, Rudy ameshaondoka, Gene akaniuliza, "Dada, unadhani alinisamehe, au alinizoea tu?" Nikamwambia amwulize mwenyewe, kesho anakuja. Kesho yake Rudy alikuja, nami nikawaacha, wakaangalia mpira wa kikapu, Gene hakuuliza. Alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi tarehe 22 Februari 2024, akiwa na swali lake, na hilo limeniuma kuliko yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa dada wa zamu ya asubuhi aliyemruhusu kuweka gitaa kitandani kinyume cha taratibu, majirani mliokwangua theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa shule, wanaparokia, na wapenzi wa bendi mliosafiri kutoka mbali. Kwa wale ambao hatukuwataja, mtusamehe, mko mioyoni.

Nina jambo moja halimo kwenye karatasi. Leo asubuhi Denise, ambaye atapiga gitaa la baba yake hivi punde, alilityuni kwa kutumia simu, vizuri sana, kama dunia nzima inavyofanya, yaani liko juu. Nikakimbia kumwambia Rudy nikiwa na wasiwasi, naye akasema, "Mwache aje alishushe hapa hapa, nitamsubiri kama nilivyomsubiri baba yake." Ndipo nikamwuliza lile swali la Gene. Rudy akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema, "Rosalie, nilimsamehe alipofika uzi wa pili. Hizo nne zilizobaki nilimwacha tu amalize, nilikuwa nafurahia kumtazama."

Umesikia, Gene? Uzi wa pili. Miaka ishirini umehangaika bure, mpumbavu wangu mpendwa. Denise, mwanangu, njoo na gitaa, kaa kwenye kiti kile, na usiharakishe, hakuna anayeondoka. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, huko chini kidogo unakokupenda. Rudy, mbonyezee mtoto sauti.