Pakiti Iliyokaa Mkobani mwa Nthoki

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Nthoki Musau anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika kliniki yetu hapa mtaani Fedha. Tumejaribu kumshawishi aongeze mwaka mmoja. Alitusikiliza kwa upole, akatumiminia chai, kisha akaendelea kufunga virago.

Mwaka 1998 aliajiriwa kama karani wa mapokezi. Daktari Lin, aliyefungua chumba cha mitishamba ya Kichina, aliona jinsi anavyokadiria uzito kwa macho bila kukosea, akamhamishia kwenye mizani. Droo zilikuwa arubaini na majina ya Kichina yalimshinda. Nthoki hakubabaika. Alizipa majina ya watu wa kwao Mwala, na mzizi mchungu kupita yote ukaitwa Mama Mkwe. Mama mkwe mwenyewe alipokuja na mafua mwaka 2011, droo hiyo ilifunikwa karatasi nyeupe kutwa nzima, na sisi tukapigwa marufuku kucheka.

Wateja nao walimpa kazi. Bi. Teresiah wa Kware alipewa maua makavu na mizizi ya kutuliza kikohozi, akavichemsha kwa maziwa, majani ya chai na sukari, maana kwake chochote kinachochemshwa asubuhi ni chai. Akawaandalia na wageni wa jumuiya ya kanisa. Walikunywa wote, kwa adabu, hadi tone la mwisho. Tangu siku hiyo kila pakiti huandikwa kwa kalamu nene: MAJI TUPU. SI CHAI.

Ila kilichomtambulisha zaidi ni sheria yake ya kaunta. Hakupimii hata jani kabla hujaweka mezani dawa zote za hospitali unazotumia. Vijana walimjia na yao, "Niaje mathe, nipatie tu ile ya Mchina, kifua imeniweza," naye akawasubiri, kiganja wazi. Alikuwa akieleza kwamba mwenye homa ya virusi aanzie kwa daktari; mitishamba ni nyongeza ya kutuliza koo na kikohozi, na si kila mtu inamfaa. Mwenye presha alinyimwa mzizi mtamu, ambao huipandisha, hata anune vipi.

Kwangu mimi sheria hiyo si jambo la kuchekesha tu. Mwaka 2021, wakati wa korona, babangu, Mzee Wabwire, alikuja kutoka Kaloleni akihema, akitaka pakiti ya mitishamba na si kingine. Mwaka uliotangulia ilikuwa imemtuliza mafua. Hospitali hakutaka hata kuisikia, kwa sababu rafiki zake wawili walilazwa wasirudi. Muuguzi alimpima oksijeni kidoleni, ikasoma themanini na nne, chini mno, na Nthoki akakataa kumpa pakiti. Baba alifoka. Alimwita mchoyo mbele ya foleni nzima. Nami, niliyekuwa kwenye dawati la mapokezi, nilimsihi Nthoki ampe tu, yaishe. Nilikuwa naona aibu. Nayaandika haya wote wasome kwa sababu bado yananiuma.

Nthoki alipima dawa, akaifunga, akaitia mkobani mwake. Akamwambia baba kwamba ataipata akitoka wodini, na daktari akiridhia. Baba akalegea, Nthoki akaita ambulansi na kupanda naye. Kila siku alipiga simu wodini kuuliza hali yake, mara nyingine kabla yangu. Pakiti ilikaa mkobani siku kumi na moja, hata leso zake zikanukia maganda ya machungwa yaliyokuwemo. Siku ya kumi na mbili baba aliruhusiwa kwenda nyumbani, daktari akakubali, naye akaichemsha kwa maji tupu. Anasema ilimsaidia kulala. Kilichomwokoa ni oksijeni, na anajua vizuri ni nani aliyemfikisha kwenye oksijeni.

Jumatatu ijayo nitasimama mimi kwenye kaunta hiyo. Mwaka mzima Nthoki amenifundisha droo zote arubaini, Mama Mkwe akiwemo. Juma lililopita baba alikuja na mafua madogo, akidhani kwa binti yake mambo yatakuwa mepesi. Nilinyoosha kiganja. Alinitazama, akamtazama Nthoki aliyekuwa nyuma yangu akifuta mizani, akaanza kutoa vidonge vyake vya presha mfukoni na kuvipanga mezani. Halafu, mbele ya foleni, akamwomba Nthoki msamaha kwa lile neno la mwaka ule. Nthoki alimwambia apunguze chumvi.

Asante kwa miaka yote hii, Nthoki. Kafurahie Mwala, ulale hadi jua lipande, na chai yako sasa iwe chai. Na kutoka kwangu peke yangu: asante kwa kumnyima baba.

Kate Wabwire
Mapokezi, hadi Ijumaa